Sauti ya Katekista

Jirani yangu Godelieve alikuwa mtu wa mwisho katika kijiji chetu chote cha Lweba ambaye ungemtegemea kwa maombi. Na alikuwa mke wa katekista, hebu fikiria. Jumapili, wakati mumewe Placide amesimama mbele ya Wakatoliki wenzake anasomea watu Neno, maana padri hafiki kwetu ila mara chache, Godelieve alikuwa bado ufukweni anageuza ndagala wake, vile visamaki vya ziwani, juani. Akifika kanisani, watu wanatoka. Nikimtania ananijibu kwamba nyumba moja haihitaji watu wawili wa kusali, mmoja akisali mwingine apike.

Lakini haukuwa utani mtupu. Ukweli ni kwamba alimwonea Mungu wivu. Placide akiitwa kwa mgonjwa, anaacha jembe shambani. Akiitwa kwenye mazishi, anaacha bugali unapoa. Siku moja tukimenya mihogo aliniambia bila kucheka, "Mi niliolewa na mwanaume, Mama Tania, lakini naona kanisa njo ilimuoa." "Njo" yetu ni "ndiyo" yenu.

Mimi mwenyewe ni Mprotestanti, mtoto wa Waprotestanti, na nyumba zetu zimekaribiana kiasi kwamba moshi wa jiko langu unaingia kwa dirisha lao. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa sikuhadithiwa na mtu. Mengine niliyaona, mengine niliyasikia nikiwa nakoroga sufuria, na kuna wakati nilitamani nisingeyasikia.

Mwaka juzi, mvua za kwanza, Placide alianguka shambani. Alipopelekwa hospitali mjini Baraka, waganga wakasema ni kiharusi, damu ilikuwa imepanda siku nyingi bila yeye kujua. Alirudi nyumbani mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuta, na mdomoni hamna kitu. Mtu aliyekuwa anaweza kuongea na kanisa zima bila karatasi, sasa alikuwa na neno moja tu, na halikuwa neno: "te." Akitaka maji, te. Akikataa, te. Ukimuuliza kama anaumwa, anakutazama kwa macho yaliyojaa, anafungua kinywa, anatafuta, kisha te, na anageuza uso ukutani.

Godelieve alikuwa akimwita jina na kumwomba amjibu. Alimshika mashavu. "Placide, sema Godelieve. Sema hata Gode." Niliwahi kumkuta akimsemesha hivyo tangu asubuhi, jiko halijawashwa, na yule mtu anatoka jasho la kujaribu. Nikamwambia amwache apumzike. Alinifukuza, tena kwa maneno ambayo sitayaandika, na sikumlaumu.

Siku moja jioni watu wa shirika lao, ile jamaa ndogo ya Wakatoliki wanaosali kwa zamu katika nyumba za watu, walikuja kumsalia mgonjwa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba yangu natwanga sombe, yale majani ya mihogo. Wakaanza rozari. Sisi hatuna mambo ya shanga, lakini kuyasikia tunayasikia. Wakasema Salamu Maria ya kwanza, ya pili, na katika ya tatu nikasikia sauti nyingine imeingia katikati yao, nene, iliyonyooka, haina kigugumizi. Nilisimamisha mchi. Ilikuwa sauti ya Placide.

Nilikimbilia dirishani bila aibu. Alikuwa amekaa kitini, macho amefumba, anaitamka nusu ya kwanza ya sala, kila neno mahali pake, kama alivyoitamka miaka yote. Wale mama wengine wanamjibu huku wanalia. Godelieve amesimama na kikombe cha maji mkononi, maji yanamwagika miguuni pake na yeye hana habari. Walipomaliza alipiga magoti mbele ya mumewe, akamwambia polepole, "Placide. Ni mi. Uko unanisikia?"

Akafungua macho, akafungua kinywa.

"Te," akasema.

Hapo ndipo taabu ilipoanza kweli. Kumpoteza mtu ni kitu kimoja. Kumsikia anaongea na mwingine kila siku, na wewe uko mbele yake hupati hata neno, hicho ni kitu kingine. Mganga wetu wa kituo cha afya, Norbert, alieleza kwamba yale mtu aliyoyarudia maisha yake yote yanakaa mahali pengine kichwani kuliko maneno ya kutafuta, ugonjwa haukufika huko. Maelezo mazuri, lakini kijiji hakikuyapenda. Wengine walisema Placide anajifanya, anamwadhibu mkewe kwa kudharau kanisa. Wengine walisema Mungu amemfungia ulimi usitumike tena kwa mambo ya dunia. Watu walitoka mpaka Fizi kuja kumwona, wakileta wagonjwa wao, wakitaka awasalie. Godelieve aliwafukuza na mwiko.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alianza kusali rozari.

Ilihitajika mtu wa kumwanzishia Placide, unajua. Mwenyewe Placide hakuweza kuanza. Ukimwacha, anakaa na shanga mkononi, midomo inatafuta maneno, hayapatikani. Lakini Godelieve akitamka yale maneno mawili ya mwanzo, anapokea, anaenda mpaka katikati ya sala, anasimama. Godelieve anajibu nusu ya pili. Akijibu, Placide anaanza inayofuata, na hivyo wanakwenda, mmoja akimpokeza mwingine. Asipojibiwa anakwama, na ukimkwamisha hivyo inabidi uanze upya.

Walianza mara moja jioni. Baadaye ikawa na asubuhi. Baadaye ikawa na mchana, joto lote lile, watu wenye akili wamelala kivulini. Mimi ninachemsha sombe, wao wanasali, sombe inaiva, wao bado wanamsalimu Maria. Nilikwenda kulalamika. Nilimwambia Godelieve kwamba hata Maria mwenyewe sasa amechoka.

Hakukasirika. Aliketi kwenye kizingiti, akafuta mikono kwenye kitenge. "Mama Tania, usiambie mutu. Mi sisali. Mi nasikiliza bwana yangu."

Nilikaa karibu naye.

"Ile saa tunasali njo saa naona eko," akaendelea. "Tukimaliza, anaenda tena. Sasa nafanya je? Namaliza juu ya nini?"

Tangu siku hiyo sikulalamika tena. Nikahamisha hata wakati wangu wa kutwanga.

Dany, mtoto wao mkubwa, anaishi Baraka, anaendesha pikipiki ya abiria. Ni kijana mwenye heshima, aliyelelewa katika Ukatoliki, lakini huko mjini aliingia kikundi kimoja cha maombi, wale wanaofunga na kulala kwenye mikeka ya chumba cha maombi mpaka jibu lije. Alipokuja nyumbani akamsikia baba yake akisali, rangi ilimbadilika. Alimvuta mama yake nje, karibu na jiko langu, kwa hiyo nilisikia.

"Mama, ile sauti haiko ya Papa."

"Iko ya nani?"

"Mutu anasali saa nzima, kisha anashindwa kusema jina ya mutoto wake? Iko kitu inamufunga. Tumupeleke Baraka. Batu ba Mungu batafunga pamoja naye, mpaka kinywa itafunguka."

"Na dawa ya tansio?"

"Dawa tutaiweka pembeni kwanza. Mutu hawezi kungojea Mungu na kungojea kidonge pamoja."

Godelieve alijua vizuri. Norbert alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba ile dawa haikatwi hata siku moja, ikikatwa damu itapanda tena na safari ijayo huenda isiwe ulimi tu. Lakini alinitazama juu ya ua, na katika macho yake niliona njaa. Mtu akikuahidi kwamba mumeo atakuita jina, utahesabu vidonge? Alikubali. Akaniomba niende nao. Dany alifurahi, akidhani mimi nitakuwa upande wake kwa kuwa sina shanga.

Kile chumba cha maombi kilikuwa na watu wengi kuliko hewa. Kulikuwa na mama mwenye uvimbe shingoni, kijana wa kifafa, mkimbizi mmoja kutoka Burundi aliyekuwa na mtoto mdogo asiyetembea. Sitawacheka wale watu, na asinisukume mtu niwacheke. Waliimba usiku na mchana, na yule mama mwenye uvimbe aliniambia kwamba nyumbani kwake watu wanaogopa kumgusa, pale ndipo pekee anapokumbatiwa. Mchungaji wao, Papa Déogratias, alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, aliyekuwa amefunga pamoja nao mpaka mashavu yamebonyea.

Aliweka mkono juu ya kichwa cha Placide. "Papa, sema: Yesu."

Placide akatafuta. "Te."

"Polepole. Yesu."

"Te. Te." Machozi yakaanza kumtoka, na bado anajaribu, kinywa kinapinda upande mmoja. Wakaomba kwa nguvu zaidi. Siku ya pili ikawa vilevile, na yeye amekwishalegea kwa njaa. Godelieve alikuwa ameficha vidonge katika fundo la kitenge. Kila asubuhi alikuwa anamnawisha uso, na katika kumnawisha anampenyezea kimoja mdomoni. Nilimwona. Sikusema, na kama Mungu alimwona, naye pia hakusema.

Siku ya tatu Placide aliacha kujaribu. Walimwambia aseme, akawa anatazama miguu yake tu. Mimi nilifiwa na baba, ninajua macho ya mtu anayeaga, na yale yalikuwa ndiyo. Godelieve naye aliyaona. Akasogea kwenye mkeka, akamwegemeza kifuani, akamwambia sikioni yale maneno mawili.

Placide akapokea. Ile sauti ilitoka nzito, imenyooka, ikafika katikati, Godelieve akajibu. Akaanza nyingine. Shingo iliyokuwa imeanguka ikasimama.

Papa Déogratias alipiga magoti mbele yao. Alisema kwa huruma, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Mama, ile njo inamufunga."

"Papa Pasteur," Godelieve akamjibu, "ile njo inabakia kwake. Mukiitoa, atabakia na nini?"

Godelieve akafungua fundo la kitenge mbele ya wote, akatoa kidonge, akaomba maji. Yule mama mwenye uvimbe shingoni ndiye aliyeyaleta.

Dany alitupakia kwenye pikipiki yake na ya mwenzake. Alipotushusha Lweba alimwambia mama yake kitu kimoja tu, kwamba siku baba akifa bila kumwita mtoto wake, asimtafute yeye. Aliondoka akilia, kijana mkubwa vile. Miezi ikapita hajakanyaga nyumbani.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalitulia. Hayakutulia. Kuna wakati vita vya milimani vilifunga barabara na dawa ikakosekana kituoni, Norbert akawa anagawa vidonge nusu nusu. Mguu wa Placide ulizidi kuwa mzito. Na ile sauti ilianza kupungua. Zamani walimaliza rozari nzima, sasa akifika nusu anachoka, maneno ya mwisho yanatoka kama pumzi tu. Godelieve alikonda. Kila siku alikuwa analima, anauza ndagala, anamwogesha, anasali, na kila siku anasikiliza kama kuna neno limepungua.

Nilimuuliza kama bado anamsikiliza bwana yake tu.

"Zamani, ndiyo. Sasa sijue tena. Kuko siku naanza juu ya yeye, na katikati nasahau kama eko pale. Naambia Mama Maria mambo yangu yote. Namwambia hata juu yako."

"Unamwambia nini juu yangu?"

"Kama uko na domo."

Tulicheka. Kisha akaniambia kwamba hofu yake haikuwa kifo. Alikuwa ameshakubali kwamba Placide atatangulia. Alichoogopa ni siku ambayo angetamka yale maneno mawili na Placide asipokee. Aliogopa kwamba siku hiyo, pamoja na mumewe, angempoteza na yule Mungu aliyempata kwa njia ya mlango wa nyuma.

Sasa sikiliza, maana mambo hayaji vile mtu anavyoyaogopa. Aliyeanguka ni yeye.

Mvua za mwaka huu zilileta malaria ya kuangusha watu. Godelieve aliidharau, akaenda ufukweni na homa, akarudi ameshikwa mkono na wanawake wenzake. Siku iliyofuata hakuamka. Norbert alikuja akamtundikia chupa ya maji ya serumu kwenye msumari wa ukutani, akamchoma sindano, akasema tungojee, na kama mpaka jioni hajazinduka tumpeleke Baraka. Nilimtumia Dany ujumbe. Kisha nikakaa kando ya kitanda na kitambaa cha maji, na Placide kitini kwake upande wa pili, na katikati yetu yule mwanamke anachemka, macho meupe, hatambui mtu. Nilikuwa naomba, kwa namna yetu, kimoyomoyo. Niliogopa sana, niseme ukweli. Nilimwambia Mungu kwamba akimchukua huyu na kuniachia yule, hatutaelewana.

Placide alikuwa anamtazama mkewe. Midomo ilianza kucheza. Nilidhani anataka maji, nikamnyooshea kikombe, akakisukuma. Uso ulikunjamana, jasho likamtoka kwenye paji, mkono wake ulio mzima ukashika ukingo wa kitanda. Hakuna aliyekuwa amemwanzishia. Hakuna aliyetamka lolote.

"Salamu Maria," akasema.

Akaenda mpaka katikati, polepole, akasimama. Akangoja, anatazama midomo ya Godelieve.

Godelieve hakujibu.

Akaanza tena, safari hii kwa taabu zaidi, akafika katikati, akangoja. Pumzi ya mgonjwa na mvua juu ya bati. Akaanza mara nyingine, sauti imeanza kukwaruza, na alipofika pale alipokuwa anakwama, aliinua macho akanitazama mimi.

Mimi sijawahi kusali sala ile maishani mwangu. Mama yangu alitufundisha kwamba hatupiti kwa mtu mwingine yeyote, tunakwenda kwa Mungu moja kwa moja. Mchungaji wangu anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Lakini nusu ile ya pili niliijua yote, nani asingeijua, na sombe zangu zote nilizopika tangu mwaka juzi. Na yule mtu alikuwa amebeba kitu kizito mpaka katikati ya njia, hakuna wa kumpokea.

Nikajibu.

Nilipofika pale wanapotaja saa ya kufa kwetu, nikaimalizia kwa kunong'ona. Placide alifumba macho. Akaanza nyingine. Nikajibu. Tukaenda hivyo, katekista na Mprotestanti, serumu inadondoka, mvua inapungua. Dany aliingia katikati, ameloa, akasimama mlangoni. Nilitaka kumweleza kwamba baba yake alianza mwenyewe, lakini nikiacha kujibu Placide atakwama, kwa hiyo nilimtazama tu na kuendelea. Aliuona mkono wa baba yake juu ya mkono wa mama yake. Akavua viatu, akakaa chini sakafuni.

Sijui tulisali ngapi. Mwanga wa dirisha ulikuwa umehama ukutani. Placide alimaliza nusu yake, mimi nikavuta pumzi nianze yangu, na kitandani kitu kikasogea. Godelieve hakufungua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, na sauti ilitoka ndogo mno, nikalazimika kuinama.

"Nyamaza, Mama Tania," akasema. "Ile iko yangu."

Nikanyamaza.